Kisima Alichokipita Gulab Khan

Oktoba ya mwaka 2006, Hedwiga Mkude alipewa kazi ya kufuta majina.

Kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa Midrand, ghorofa ya pili juu ya ghala la matairi. Ilitengeneza ramani za vile vidude ambavyo mwenye gari hubandika kwenye kioo cha mbele akaelekezwa njia kwa sauti. Johannesburg na Pretoria walikuwa wamezimaliza zamani. Sasa walikuwa wamefika kule kaskazini-magharibi, kwenye jangwa la Kalahari, ambako barabara ni chache na majina mengi yametoka kwenye ramani za miaka mia iliyopita. Mkuu wake, Bwana Deysel, mzee mpole aliyewahi kuwa mpima ardhi, alikuwa na sharti moja: jina litabaki kwenye ramani ikiwa yupo mtu aliye hai anayelijua. Lisipompata huyo mtu, litoke.

Hedwiga alikuwa ametoka Morogoro miaka kumi na mitatu nyuma, akimfuata mumewe Sipho aliyerudi kwao baada ya ukimbizi. Walikutana Mazimbu, kwenye shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Hedwiga akiwa karani wa stoo na Sipho akifundisha useremala. Binti yao Lerato alizaliwa hukohuko. Sasa waliishi mtaa wa Berea, Johannesburg, ghorofa ya sita, na kazi ya ramani Hedwiga alikuwa ameipata hatua kwa hatua, kwanza kuchapa, baadaye kuchora. Ofisini walimjua kwa jambo moja: hakuwa na haraka.

Siku hiyo mbele yake palikuwa na karatasi ya doria ya polisi ya mwaka 1909. Ilionyesha njia moja iliyokatiza eneo tupu, kutoka kisima hadi kisima. Visima vilikuwa sita. Karani aliyemtangulia alikuwa ameviwekea vyote alama nyekundu, na pembeni akaandika kwamba majina hayo hayana maana katika lugha yoyote ya huku.

Hedwiga aliyasoma kwa sauti ya chini, kama alivyozoea, ili asikosee herufi. Amanet. Sabber. Doea. Kabber. Rahat. Sjoeker.

Akayasoma tena, safari hii bila kuangalia tahajia, akiyasikiliza tu. Amana. Subira. Dua. Kaburi. Raha. Shukuru.

Alijikuta ameweka kalamu chini. Mbali kule, katikati ya mchanga ambao kwa alivyojua hakuna Mswahili aliyewahi kuukanyaga, kulikuwa na visima vilivyoitwa kwa maneno aliyofundishwa kusalia utotoni.

Alimpelekea Bwana Deysel ile karatasi.

"Hili Sjoeker ni kosa la mwandishi," alisema Deysel. "Alitaka kuandika sukari, kwa Kiafrikana. Na Kabber nadhani ni ukoo wa mkulima fulani."

"Na Doea?"

Deysel alivua miwani. "Doea sijui."

Hedwiga akamweleza. Deysel alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kwenye kabati lake la chuma akatoa nakala za taarifa za doria ileile. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha ya watu. Askari watano, na chini yao mstari mmoja: Goolab Kan, Mwafghani, ngamia kumi na wanne.

Kabla ya magari, alieleza Deysel, polisi wa jangwani walipanda ngamia. Wanyama hao waliletwa kwa meli kutoka upande wa India, na pamoja nao wakaja wanaume wachache wa kuwachunga, kwa sababu huku hakuna aliyejua hata jinsi ya kumpigisha ngamia magoti. Watu wakawaita wote Waafghani, bila kuuliza zaidi.

"Walikuwa Waislamu," alisema Hedwiga.

"Bila shaka."

Basi ikamwelea. Maneno yale hayakupelekwa jangwani na Waswahili. Yalitoka Uarabuni zamani sana, yakagawana njia. Mengine yalishuka pwani ya Afrika Mashariki yakawa Kiswahili, mengine yakapanda milima ya Afghanistan. Halafu mtu mmoja mwenye ngamia akayabeba hadi Kalahari, yakamkuta yeye kwenye kiti chake Midrand. Alikuwa amedhani kwamba akipata maelezo mshangao utamtoka. Uliongezeka.

"Ni jambo zuri," alisema Deysel. "Lakini sharti ni mtu aliye hai. Nakupa wiki mbili."

Hedwiga alianza na kitabu cha simu. Akina Kan wa Johannesburg walikuwa kumi na mmoja. Watatu wa kwanza walimwambia kwa adabu kwamba Kan yao ni ya Kichina. Wa nne hakupokea. Wa tano aliandikwa K. Kan, Eldorado Park, na sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamke mzee aliyesema Kiafrikana. Hedwiga hakukijua Kiafrikana zaidi ya salamu, na Kiingereza cha yule mama kilikuwa cha kuokoteza. Mwisho, kwa kukosa njia nyingine, alimsomea tu majina.

"Amanet. Sabber. Doea. Kabber."

Kisha ile sauti ikaanza upya, kwa mdundo, kama watoto wanaoruka kamba. Amanet, na neno moja fupi. Sabber, na maneno mawili. Doea. Kabber. Na baada ya Kabber likaja jina ambalo halikuwa kwenye karatasi: Haiat. Ndipo ikafuata Rahat, ikafuata Sjoeker, mdundo ukaisha.

"Hilo lililofuata Kabber," alisema Hedwiga. "Haiat. Ni wapi?"

Yule mama alisema limemponyoka, na kwamba si jambo la kuongelea kwenye simu. Kama anataka, aje.

Kabla ya kwenda, Hedwiga aliagiza picha ya setilaiti ya kipande kile, kati ya Kabber na Rahat. Kitu kilikuwa kinamsumbua. Kwingine kote visima vilitengana kwa mwendo wa siku moja au mbili za ngamia, lakini pale palikuwa na siku tatu kavu, kilomita mia na ishirini bila tone. Picha ilipofika aliifungua kwenye kompyuta akaikuza kidogo kidogo. Ardhi ya kule haikuwa mchanga mtupu, ilikuwa changarawe ngumu, na juu yake, baada ya miaka karibu mia, njia ya ngamia ilikuwa bado inaonekana. Mstari mwembamba, mweupe kidogo kuliko ardhi, ulionyooka kama uliopigwa kwa rula.

Aliufuata kwa kidole kwenye kioo. Katikati ya eneo lile tupu, mstari ulikunjika. Ulitoka kuelekea kaskazini kama mita mia mbili, ukafanya umbo la goti, ukarudi palepale ulipokuwa ukaendelea na safari. Hapakuwa na kilima. Hapakuwa na korongo. Palikuwa na changarawe tu, pande zote.

Alichapisha picha hiyo akaiweka mkobani.

Tatizo lililobaki lilikuwa lugha.

"Kiafrikana," alisema Sipho. "Unataka nikakusaidie kwa Kiafrikana."

"Nina nani mwingine, Baba Lerato?"

Sipho aliikimbia nchi mwaka 1976, akiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu yeye na wenzake walikataa kufundishwa kwa lugha hiyo. Alimwona kijana waliyekaa naye dawati moja akianguka barabarani kwa risasi ya polisi. Tangu siku hiyo hakuitamka tena. Akisemeshwa kwayo dukani, alijibu kwa Kizulu na kusubiri. Hedwiga aliyajua yote hayo, ndiyo maana hakumsukuma. Aliiacha tu ile karatasi ya majina mezani. Jumamosi alimkuta Sipho ameiinamia, midomo ikimchezacheza.

"Mtu katoka kwao Afghanistan," alisema bila kuinua macho, "akaja kuita kisima Dua. Eish. Nitakupeleka."

Katriena Kan alikuwa na miaka sabini, mwembamba, kitambaa cha maua kichwani, na mtaa mzima ulimwita Ouma, yaani bibi. Aliwapokea mlangoni, akamsalimu Sipho kwa Kiafrikana, akamtazama akingoja. Sipho alisimama na kofia yake mkononi. Kisha alijibu, sentensi moja ya heshima, na sauti iliyomtoka haikuwa yake ya siku zote. Ilikuwa nyembamba, ya mvulana wa shule, kama vile aliiacha mahali na sasa ameikuta palepale.

Ouma akamvutia kiti.

Mwanzoni Sipho alitafsiri kwa kusitasita, akitafuta maneno. Baada ya chai aliacha kutafuta.

Gulab Khan alikuwa babu yake Ouma, baba wa baba yake. Alikuja na rafiki yake wa kijiji kimoja, Zarif, na hao wawili ndio waliotumwa kwanza kutafuta njia ya kulivuka lile eneo. Zarif alikufa kwa kiu. Gulab alimzika kwa mikono, na polisi walipokuja baadaye kuchimba kisima palepale wakamuuliza ni wapi, alirudia neno moja tu, nao wakaliandika.

"Kaburi," alisema Hedwiga.

Ouma alimgeukia Sipho. Sipho akatafsiri.

"Ndiyo maana yake?" aliuliza Ouma.

"Ndiyo, Ouma. Kwetu ni neno hilohilo. Na Sabber ni subira. Doea ni maombi. Amanet ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze."

Ouma aliweka mikono juu ya kitambaa cha meza. Babu yake alimfundisha majina hayo kwa kuimba, na idadi ya siku za mwendo, akamwambia asiyasahau. Maana yake hakumwambia. Babu alifariki Ouma akiwa na miaka kumi na miwili. "Nimerukia kamba neno kaburi," alisema polepole. "Watoto wangu nimewabembelezea kwa neno subira. Nilidhani ni sauti tu." Akamwomba Hedwiga ayataje tena yote kwa Kiswahili, moja moja, na kila moja akaitikia kwa kichwa, kama anayetambulishwa kwa wageni walioishi nyumbani kwake miaka yote.

"Na Haiat?" aliuliza.

"Hilo linanitia shaka," alisema Hedwiga. "Sisi tunasema hayati kabla ya jina la mtu aliyekufa. Nimeogopa labda ni kaburi la pili."

"Hapana. Pale hakufa mtu."

Hedwiga alifikiri kidogo. "Basi ni lile neno kabla hatujalipeleka kwa wafu," alisema. "Ni uhai."

Ndipo Ouma akasimulia. Baada ya kumzika Zarif, Gulab alikwenda na ngamia jike mmoja mpaka akaanguka. Aliyemkuta alikuwa msichana aliyeitwa Griet, wa jamii ya Wanama. Watu wake walikuwa wamekimbilia kule kuwakwepa polisi na wakulima waliowanyang'anya malisho, wakaishi kwa kisima kimoja kilichofunikwa kwa jiwe, ambacho hakuna mgeni aliyekijua. Wajomba zake walimwambia amwache mtu huyo afe, kwa kuwa ni wa polisi. Griet alimnywesha. Alipopata nguvu alimwapisha: hutawaleta hapa, si kwa mdomo wala kwa nyayo.

"Akaapa," alisema Ouma. "Akarudi, akawaambia polisi kwamba kutoka Kabber hadi Rahat ni siku tatu hakuna maji."

Hedwiga aliitoa ile picha akaitandaza mezani. Hakueleza kitu. Alionyesha tu Kabber, na mstari, na lile goti.

Ouma aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Kidole chake kilifuata mstari, kikafika kwenye goti, kikatulia.

"Walivuta," alisema.

"Nani, Ouma?"

"Ngamia. Ngamia husikia harufu ya maji kwa mbali. Kila safari wakifika hapa waligeuza vichwa kaskazini, wakalia, wakavuta. Askari wana kiu, wanyama wana kiu, babu mwenyewe midomo imepasuka. Na kisima kipo, hatua mia chache. Alikuwa anashuka, anakwenda mbele kwa miguu, anashika kamba ya pua ya yule wa kwanza, anawarudisha njiani. Miaka kumi na mmoja. Kisha akaacha kazi, akarudi peke yake kumwoa Griet."

Sipho alikuwa ameacha kutafsiri katikati ya maneno hayo, na baada ya muda akakumbuka, akaanza upya. Hedwiga alilitazama goti lile dogo kwenye karatasi. Alikuwa amelitazama siku tatu akitafuta kilima kilicholisababisha. Kumbe kilichopinda njia ni nyayo za wanyama wenye kiu, mamia ya mara, na mtu mmoja akiwarudisha mamia ya mara, mpaka ahadi yake ikakatwa kwenye changarawe kwa kina ambacho upepo wa karne haukuweza kukijaza, na sasa inaonekana kutoka angani. Alihisi kizunguzungu kidogo, kama mtu anayechungulia shimo refu.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Alisema aliacha kuhesabu mwaka wa pili."

"Wanama wenyewe walikiitaje?"

"Kilikuwa na jina. Bibi alinitajia mara moja. Lilikuwa na mlio wa ulimi ambao sikuuweza." Ouma aliikunja picha. "Limekwenda naye. Na watu wake walishatawanywa kutoka kule, hakuna aliyebaki wa kumwomba ruhusa. Kwa hiyo yale sita andikeni, kwa herufi zake sahihi. Hili la saba msiliandike."

Hedwiga alimwahidi.

Siku ya pili Ouma aliapa mbele ya ofisa kwamba anayajua majina sita, na kwa kuwa viapo vya namna hiyo huchukuliwa kituo cha polisi, mjukuu wa Griet alikwenda kukaa kwenye benchi la polisi, akaweka sahihi akicheka peke yake. Bwana Deysel alizifuta alama nyekundu zote sita. Aliuliza habari za lile goti, Hedwiga akasema ngamia ni wabishi. Deysel alimtazama kidogo, hakuuliza zaidi.

Desemba wakamtuma Placide akaipite njia ile kwa gari na kurekodi vipimo. Placide alikuwa Mkongo wa Bukavu, mpangaji wa jengo lilelile la Berea, dereva aliyezoea barabara mbaya tangu kwao. Mwenzake aliugua tumbo akabaki mjini Upington, na Placide, asiyependa kungoja, akaendelea peke yake.

Siku ya nne, saa nne na ushee asubuhi, simu ililia mezani kwa Deysel, Placide akipiga kwa simu ya setilaiti. Walizungumza Kiingereza dakika moja, kisha Deysel akamnyooshea Hedwiga mkono wa simu.

"Mama Lerato," ilisema sauti ya Placide, ya mbali na yenye mwangwi. "Ekseli imevunjika. Na dumu la maji limepasuka, yote imemwagika ndani ya gari. Nimebaki na chupa moja, nusu."

"Joto likoje?"

"Arobaini na tatu. Na jua haijapanda bado."

Deysel alikuwa tayari kwenye simu nyingine na Upington. Helikopta ilikuwa imeitwa kwenye ajali mbali. Gari la uokoaji lingefika kesho mchana. Aliweka simu chini na kufanya hesabu ambayo Hedwiga alikuwa ameshaifanya: saa ishirini na sita, nusu chupa.

Placide alisoma namba za mahali alipo. Hedwiga aliziingiza kwenye kompyuta, na alama nyekundu ikatua juu ya ule mstari mweupe. Kutoka pale hadi kwenye goti zilikuwa kilomita tatu.

Hedwiga alimwambia Placide azime simu atunze chaji, aiwashe baada ya robo saa. Kisha alimpigia Sipho chuoni alikofundisha, akamweleza kwa maneno machache. Sipho alimpigia Ouma. Dakika kumi zilipita, Hedwiga amesimama, Deysel amesimama naye bila kujua wanangoja nini.

Sipho alipopiga, sauti yake ilikuwa imekauka. "Ouma anasema mwambie. Anasema bibi yake naye alikatazwa, na hakumwacha mtu afe. Andika. Asimame pale njia inapopinda mwisho kabisa. Aipe njia mgongo, aende hatua mia sita bila kukengeuka. Atakuta mwamba wa chokaa umetokeza, ukubwa wa meza. Asichimbe kwenye chokaa. Upande wa machweo, urefu wa mkono chini ya mchanga, kuna jiwe bapa. Maji yako chini ya jiwe."

Hedwiga aliyaandika yote kwa Kiingereza akampa Deysel. Mzee alisoma ile karatasi mara mbili.

"Kanuni ni kwamba asiondoke kwenye gari," alisema.

"Najua."

"Una uhakika maji yapo?"

"Sina."

Deysel aliitazama picha kwenye kioo, lile goti, muda mrefu. "Ngamia walikuwa na uhakika," alisema, na akairudisha karatasi mkononi mwa Hedwiga.

Placide alipowasha simu alimsikiliza bila kumkatiza, akairudia kila hatua. Kisha akauliza, "Wewe ulishafika kule, Mama Lerato?"

"Sijafika. Anayekuelekeza alifundishwa na aliyefika."

"Sawa. Minaenda. Nabeba koleo."

Ofisi nzima ilikuwa imeshajua kuna jambo, na hakuna aliyekwenda kula. Saa sita ilifika. Saa saba. Hedwiga alikaa mbele ya kompyuta, macho kwenye nukta ile ya changarawe isiyo na tofauti yoyote na nyingine, akijilaumu, akimwona Placide amelala kifudifudi mahali ambapo yeye ndiye aliyempeleka. Saa nane alianza kuyataja yale majina kimya kimya, na hakujua kama anahesabu au anasali.

Saa tisa kasoro dakika kumi simu ililia.

"Maji iko," alisema Placide.

Hedwiga alimgeukia Deysel, akaitikia kwa kichwa.

"Mama Lerato, unasikia? Iko. Baridi. Nimekunywa, nimejimwagia, nimekaa kwenye kivuli yake." Alicheka, kisha akaacha kucheka, na sauti ikashuka kama ya mtu aliye kanisani. "Hapa kuna kitu sijui namna ya kukiambia. Nitakiambia nikifika."

Gari la uokoaji lilimkuta kesho yake mchana, ameketi kando ya ekseli yake, mzima, kofia imelowa.

Jumapili iliyofuata walikwenda Eldorado Park wote watatu. Placide alivaa suti ya kanisani. Alisema Kiswahili cha Bukavu, Sipho akakipeleka kwa Kiafrikana, na Ouma alimtazama Placide machoni wakati wote kana kwamba anamwelewa moja kwa moja.

Alikuta kila kitu kama alivyoelekezwa, alisema, isipokuwa mchanga ulikuwa umezidi, alichimba hadi begani. Jiwe lilimchukua saa nzima kulisogeza. Chini yake hapakuwa na shimo tu. Palikuwa na ngazi saba zilizochongwa kwenye mwamba, zikishuka hadi majini, na kila ngazi ilikuwa imelika katikati kama kipande cha sabuni.

"Mwamba, Mama," alimwambia Ouma. "Si udongo. Miguu ya watu ndiyo imeula. Nimejiuliza, watu wangapi, miaka mingapi, mpaka jiwe inakuwa hivyo? Huyu babu yako wa ngamia alikuja juzi tu. Polisi walikuja juzi. Mimi nilikuwa na kiu ya kufa, lakini sikuweza kuingia na viatu. Nilivua kwanza."

Sipho alipomaliza kutafsiri, zilisikika kelele za watoto wakigombania mpira nje. Hedwiga aliwaza kuhusu wale wanawake walioshuka ngazi zile kuteka maji kabla ya Griet, na kabla ya bibi yake Griet, na hakuweza kufika mwisho wao.

Kisha alimwambia Ouma habari za ofisini: ramani imekamilika, ina majina sita, na kati ya Kabber na Rahat kumeachwa peupe. Bwana Deysel mwenyewe ndiye aliyeipitisha.

Ouma aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa bado kwa Placide.

"Muulize," alimwambia Sipho. "Alipotoka, alifunika?"

"Nilifunika," alisema Placide. "Jiwe nilirudisha, na mchanga juu, na nyayo zangu nilizifagia kwa koti mpaka njiani."

Ouma alinyanyuka, akashika ukingo wa meza, akaenda jikoni kuwapakulia chakula.